Roboti inachaji vizuri lakini haijimwagi taka: kisa cha Mbezi Beach

Simu iliingia Jumamosi asubuhi nikiwa Mwenge, bado nafungua kibanda. Alikuwa Mwalimu, mama mstaafu wa Mbezi Beach ambaye nimemtengenezea vitu tangu enzi za redio yake ya kaseti. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za watoto, akaja kwenye jambo lenyewe: "Mwanangu, kale kamdudu ka mdogo wako kamegoma kwenda haja."

Kamdudu ni roboti ya kufagia. "Mdogo wako" ni kijana wake aliyeko Houston, Marekani, aliyekuja likizo mwezi wa kumi na mbili akaibeba kwenye begi pamoja na kituo chake. Kwa asiyewahi kuiona: roboti yenyewe ni duara, fupi, inapita chini ya makochi na vitanda ikikusanya vumbi kwenye kisanduku kidogo kilichomo tumboni mwake. Kisanduku hicho hujaa upesi, hasa kwa nyumba zetu za Dar zenye mchanga. Ndiyo maana kituo chake kina mota nyingine, kubwa kuliko ya roboti kwa mbali. Roboti ikirudi kuchaji, tumbo lake linakaa juu ya tundu la kituo, mota inanguruma kama sekunde kumi hadi kumi na tano, kilango cha kisanduku kinafunguka kwa nguvu ya hewa na taka zinavutwa kupitia bomba hadi kwenye mfuko ulioko juu. Mwenye nyumba anabadilisha mfuko baada ya wiki kadhaa, basi.

Malalamiko yalikuwa haya. Roboti inafagia, njia ya kurudi inaijua, inachaji hadi mia kwa mia. Kumwaga tu ndiko haitaki, na programu ya kwenye simu inasema njia ya taka imeziba. Dada anayemsaidia Mwalimu kazi za nyumbani amekuwa akikitoa kisanduku kila siku na kukikung'utia kwenye ndoo. "Kaka, kwa hali hii bora nifagie tu mwenyewe," alinipokea nalo getini nilipofika kutoka kituo cha daladala cha Tangi Bovu.

Kabla sijaketi nilipewa taarifa tatu, na nakiri niliisikiliza moja tu. Ya kwanza, dada aliniigizia mlio: "Zamani ilikuwa inalia vuuuu kama ndege inapaa. Siku hizi inafanya mmmm, kama ng'ombe amelala, halafu kimya." Ya pili ilitoka kwa Mwalimu, akicheka, kwamba roboti imeanza majivuno, inajitangaza mara mbili. Ikifika kituoni inasema imeanza kuchaji, kituo kinaguna, kisha inasema tena imeanza kuchaji. Ya tatu ilihusu mfuko. Mfuko wa akiba ulibaki mmoja, Mwalimu ameufungia kabatini, na kwa kuwa madukani hapa mifuko ya aina ile hawajaipata, dada aliukata ule uliojaa upande wa chini, akaukung'uta, akaushona kwa uzi.

Hilo la mfuko lilipotajwa, yale mawili ya mwanzo yakanitoka kichwani. Nilijiona nimeshamaliza kazi.

Na mfuko kweli ulikuwa na lake. Watu wengi wanauchukulia kama gunia: ukiwa mtupu ni mzima. Lakini mfuko huu kazi yake ni kuchuja pia. Hewa inaingia na taka, taka zinabaki, hewa inatokea kwenye vinyweleo vya mfuko wenyewe. Vumbi letu, lile jepesi kama unga linaloingia dirishani, hujaza vinyweleo hivyo, na kukung'uta hakulitoi. Kipimo changu ni cha kishamba lakini hakijaniangusha: puliza kwa mdomo kwenye tundu la mfuko, halafu puliza kwenye mpya. Ule wa kushonwa ulinirudishia pumzi usoni. Mwalimu akaenda kabatini kwa shingo upande akaleta ule wa akiba.

Nikaubeba mwili wa kituo kutoka koridoni, ambako huwa kinakaa, nikakipeleka juu ya meza ya chakula karibu na dirisha la jikoni, penye mwanga. Nikakilaza. Chini kuna bamba la plastiki lenye skurubu kadhaa, ukilifungua unaiona kona ya bomba, pale taka zinapoacha kwenda mlalo na kuanza kupanda. Mahali pakiziba kwenye mashine hizi, mara nyingi ni hapo. Nikakuta bonge. Nywele za kusukia, nyuzi za ukindu kutoka kwenye mkeka wa sebuleni, njiti moja ya kiberiti, punje za mchele, na nyuma yake mchanga. Nikalivuta kwa vidole viwili likatoka lote kama pamba.

Nikaendelea na mengine ambayo fundi hafai kuyaruka. Kilango cha kisanduku kilikuwa na tope kwenye bawaba, na chanzo chake hakikuhitaji uchunguzi: pale nyumbani deki hupigwa asubuhi, kisha roboti inawashwa marumaru ikiwa bado na unyevu. Vumbi na maji vikikutana kisandukuni vinakuwa udongo wa kufinyangia. Nilimwambia dada ageuze zamu, roboti itangulie, deki ifuate. Raba inayozunguka tundu la kituo niliifuta, ilikuwa nzima, haijapasuka. Vile vibati viwili vya kuchajia nikavisugua kwa kitambaa kikavu, maana upepo wa bahari pale haulazi damu, chumvi yake inakula kila bati. Swichi ndogo inayotambua kama mfuko umo nikaibonyeza kwa kidole, ikaitika. Hiyo ingekuwa mbovu, kituo kisingejaribu hata kuguna.

Nikachomeka plagi pale pale, kwenye transfoma, kile kisanduku cha kushusha volti, iliyokuwa juu ya kaunta ya jikoni, nikaiweka roboti mahali pake, nikabonyeza kitufe cha kumwaga. Vuuuu! Taka zikapanda, kisanduku kikabaki kitupu kama kimelambwa. Mwalimu akapiga makofi. Nikapewa soda na shilingi 30,000, dada akakirudisha kituo koridoni, nikapanda daladala kurudi Mwenge nikiwa fundi.

Jumapili jioni: "Mwanangu, kamegoma tena."

Hapo ndipo kisa kinapoanza, kwa sababu Jumatatu nilirudi nikiwa na mawazo yale yale. Nilifungua tena ile kona ya bomba koridoni, nimepiga magoti kwenye kiza na tochi ya simu mdomoni, na kweli nikakuta bonge jingine, changa, la siku moja na nusu. Hasira yangu ya kwanza nikaielekeza kwa wanaosuka nywele pale nyumbani. Nikalitoa, nikajaribu. Mmmm. Taa ya kituo ikazimika, ikawaka. Roboti ikatangaza kwamba imeanza kuchaji. Nikafungua tena, nikatazama bomba hadi mwisho kwa waya wa chuma. Jeupe. Nikajaribu tena. Mmmm.

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni la nguo. "Kaka," akasema, "mbona juzi ilipokuwa mezani ililia vizuri?"

Nilikaa chini kabisa, kwenye marumaru. Swali hilo lilikuwa la kwangu kuliuliza tangu Jumamosi. Kituo kile kile, mfuko ule ule, roboti ile ile. Kilichotofautiana ni mahali tu. Nikafuata waya wa umeme kwa mkono kama mtu anayetafuta mwisho wa kamba gizani. Ulipita nyuma ya kabati la viatu, ukaishia kwenye transfoma ndogo, rangi ya kijivu, ukubwa wa mkate wa nusu kilo. Nikaigusa. Ilikuwa ya moto.

Kibandiko cha chini ya kituo kinasema volti 120, hezi 60, ampea 9. Soketi za Tanzania zinatoa volti 230, hezi 50. Hezi hazina ugomvi hapa, kwa sababu mota za kuvutia vumbi za aina hii zina brashi na zinazunguka hata kwa 50. Volti ndizo zenye kesi. Ukikichomeka moja kwa moja na ile adapta ya kubadilisha umbo la plagi, ambayo haibadilishi kitu kingine chochote, mota inapewa karibu mara nne ya nguvu iliyotengenezewa, na mwisho wake ni moshi. Familia hii ililijua hilo, na ndiyo maana kulikuwa na transfoma. Ila ampea 9 ukizidisha kwa volti 120 unapata wati 1,080. Ile ya kijivu iliandikwa 300.

Sasa angalia jinsi ilivyotudanganya sote. Kuchaji roboti kunataka wati chache tu, kama thelathini hivi, sawa na balbu mbili tatu za kisasa. Transfoma ya 300 inafanya kazi hiyo ikiwa imelala. Kwa hiyo taa inawaka, chaji inajaa, roboti inaamka asubuhi na kufagia, na kila mwenye macho anasema umeme upo. Ile mota ya kumwaga inahitaji nguvu mara thelathini na zaidi, kwa sekunde kumi na tano tu kwa siku. Hakuna anayezifikiria hizo sekunde kumi na tano.

Nikatoa mita. Soketini, volti 228. Upande wa kutokea wa transfoma, kituo kikiwa kimetulia, 121, safi. Nikamwambia dada abonyeze. Namba ikaporomoka hadi 68, taa ya kituo ikafa, mota ikaguna na kusimama, namba ikapanda tena 121. Ndipo roboti ikatangaza kuanza kuchaji. Haikuwa na majivuno yoyote. Kituo chake kilikuwa kimezimika na kuwaka upya, hivyo kwake ilikuwa kama imefika nyumbani kwa mara ya kwanza.

Na ule mlio wa ng'ombe? Nauandika kwa urefu kidogo kwa sababu ndio uliostahili kunipa jibu nikiwa bado getini. Mashine ya kuvuta vumbi ikiziba, sauti yake hupanda, inakuwa nyembamba na kali. Hewa ikikosa njia, feni haina cha kusukuma, mota inapata wepesi na kukimbia zaidi. Ziba mdomo wa bomba la mashine yoyote ya kuvutia vumbi kwa kiganja utaisikia ikipiga kelele juu. Mota iliyonyimwa umeme hufanya kinyume: sauti inashuka, inakuwa nzito, inakokota. Dada aliniigizia sauti ya chini, sahihi kabisa, na mimi nikaenda kutafuta ugonjwa wa sauti ya juu kwa sababu programu ya simu ilisema "imeziba". Programu yenyewe haioni ndani ya bomba. Inachojua ni kwamba hewa haikupita ilivyotarajiwa, na inataja sababu ambayo ni ya kawaida zaidi. Kule inakotengenezwa nadhani hawakumfikiria mtu wa koridoni Mbezi Beach mwenye transfoma ya mkate.

Bonge nalo lilikuwa limesema. Kizibo kilichofanywa na mvuto wenye nguvu hukaza. Unakitoa kwa koleo, kimeshindiliwa kama tambi za kwenye pipa. Mabonge yangu yote mawili yalikuwa laini, nywele mbele, mchanga nyuma. Nywele ni nyepesi, hata upepo mdogo unazibeba hadi kwenye kona. Mchanga ni mzito, unaachwa njiani. Bomba lilikuwa limeziba kwa sababu mvuto ulikuwa dhaifu, nami nilikuwa nikiamini mvuto ni dhaifu kwa sababu bomba limeziba. Nikilitoa bonge, lingejijenga upya kesho yake, na kila mara ningekuta ushahidi wa kuniridhisha.

Ilibaki habari ya jinsi transfoma ile ilivyofika pale. Nikamuuliza Mwalimu swali ambalo Jumamosi nililiuliza vibaya. Jumamosi niliuliza, "Imeharibika lini?" akajibu, kama wiki tatu. Safari hii nikauliza, "Kabla haijaharibika, nini kilihamishwa humu ndani?" Akafikiri. "Friji," akasema. Friji jipya lilinunuliwa, likachukua kona ya jikoni iliyokuwa ya roboti. Kituo kikahamia koridoni. Transfoma kubwa, ya wati 2,000, ile niliyoichomekea Jumamosi bila kufikiri, ikabaki jikoni kwa ajili ya blenda ambayo nayo ilitoka Houston, na pia kwa sababu kuibeba ni kazi. Mpwa wa Mwalimu akaenda Kariakoo kununua nyingine kwa ajili ya koridoni. Akili yake haikuwa mbaya: kitu chenyewe kidogo, kinatumia betri, 300 inatosha na kubaki. Hakuona kibandiko kwa sababu kiko chini ya kituo, na hakuna anayepindua kitu kinachofanya kazi.

Kuna jambo moja lilinikera. Transfoma ndogo ina fyuzi, na fyuzi ya namna hiyo ilipaswa kukatika siku ya kwanza na kutuambia ukweli wote. Nikaifungua. Ndani, mahali pa fyuzi, kulikuwa na unywele wa waya wa shaba umezungushwa mara tatu. Mpwa alipopigiwa simu alisema fyuzi ilikatika mara mbili wiki ya kwanza, akamwita fundi wa mtaani "akaiimarisha". Sina hamu ya kumsema mwenzangu, lakini kitu hicho kilikuwa kinachemka kila siku nyuma ya kabati la viatu vya ngozi na makaratasi, katika koridoni inayopita mbele ya chumba anacholala mjukuu. Niliukata waya ule mbele ya Mwalimu na transfoma nikaondoka nayo.

Suluhisho lenyewe lilichukua dakika ishirini. Transfoma ya 2,000 ilihamia koridoni, ikawekwa chini, mbali na kabati, penye hewa. Nilipima kituo kikiwa kinamwaga: 121 ikashuka hadi 116. Kushuka kidogo hivyo ni kawaida. Blenda ya Houston imekwenda kabatini alikotoka mfuko wa akiba. Mwalimu anayo nyingine ya volti 230 aliyoinunua hapa hapa, na kwa maoni yangu inasaga nazi vizuri zaidi.

Kwa wenye mashine zilizonunuliwa hapa au Dubai, za volti 220 hadi 240, transfoma haiwahusu. Lakini picha hii hii, kuchaji sawa na kumwaga hapana, nimeikuta kwa mtu aliyechomeka kituo kwenye inveta ndogo ya kompyuta, na kwa mwingine aliyekivutia umeme kwa ekstensheni nyembamba ya mita nyingi ikiwa imeviringishwa. Kihamishie kwenye soketi ya ukutani ujaribu mara moja kabla hujafungua skurubu hata moja. Na ukienda kununua transfoma kwa ajili ya kitu chenye mota, chukua yenye wati karibu mara mbili ya kibandiko, kwa kuwa mota inapoanza kuzunguka hudai zaidi ya inavyodai ikishakolea, halafu inyanyue kwa mkono. Ya kweli ni nzito kwa sababu ya chuma na shaba. Kuna vile vya plastiki, vyepesi, vimeandikwa wati 1,600 kwa herufi kubwa. Hivyo ni vya vitu vya kupasha moto kama pasi na visivyo na elektroniki ndani, usivikaribishe kwenye roboti.

Sikudai kitu kwa safari ya pili. Mwalimu alinifungia mahamri kwenye mfuko wa khaki, akanikumbusha kwamba mfuko wa kushonwa bado haujatupwa. Suala la mifuko halijaisha: kijana ameahidi kutuma pakiti na mtu anayekuja mwezi ujao, na hadi hapo wamekubaliana dada asifungue mshono tena.

Wiki mbili baadaye nilipita kuangalia. Nilifungua kona ya bomba mbele yao. Kulikuwa na ushanga mmoja mwekundu. Jioni ile ile, nikiwa njiani, dada akanitumia ujumbe wa sauti usio na neno hata moja ndani yake, sekunde kumi na mbili za vuuuu, na mwishoni mtoto akilia.